Redio inayohama masafa: mwongozo kamili wa kuutafuta ugonjwa na kuutibu

Mtu unayezungumza naye kwa redio ya mawasiliano akikwambia "kaka, unahama," yaani masafa yako yanasogea yenyewe, bisibisi iache mezani. Chukua daftari kwanza. Nimefungua redio kadhaa zilizohama, zangu na za wenzangu hapa Dar es Salaam, na kila niliyoifungua kabla ya kuipima ilinimalizia wikendi bure. Nilizungusha trima (kapasita ndogo za kurekebisha) ambazo hazikuwa na kosa, nikang'oa kapasita nzima, na redio ikaendelea kuhama vilevile. Siku hizi kila redio naipa saa moja ya kuandikwa. Namna inavyohama ndiyo inayonionyesha pa kuweka pasi ya kulehemu.

Kwa sisi wa pwani jambo hili lina uzito wake. Januari na Februari chumba chenye bati bila dari huwa tanuri ifikapo saa nane mchana, kisha usiku unawasha pangaboi na redio inapigwa na upepo. Hewa ina unyevu na chumvi. Umeme wa jioni nao hupanda na kushuka. Redio iliyotulia kwenye nchi za baridi inaweza kukusumbua Sinza bila kuwa na kifaa kibovu hata kimoja.

Ujue redio yako inapata wapi masafa

Redio zilizo mikononi mwa watu ni za namna mbili, na tiba zake hazifanani.

Za zamani zina VFO, saketi inayozalisha masafa unayoyabadilisha kwa kitasa: koili na kapasita ya kuzungusha, zikitetemeshwa na transista au taa (vali ya kioo). Koili ikipata joto hutanuka, induktansi yake hupanda na masafa hushuka. Za sasa zina kristali moja ya rejea, na chipu inazalisha masafa mengine yote kutokana na hiyo kristali. Redio nyingi za kujiundia hutumia chipu ya Si5351 pamoja na kristali ya 25 MHz.

Kosa la kristali hupimwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Ppm 1 ni Hz 7 ukiwa 7 MHz, Hz 14 ukiwa 14 MHz, Hz 28 ukiwa 28 MHz, na Hz 144 ukiwa 144 MHz. Hesabu hii ishike vizuri, tutairudia.

Kuhama kiasi gani ni ugonjwa? Sauti ya SSB, yaani inayotumwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, hustahimili makumi ya Hz. Ikizidi 100 hivi, msikilizaji anaanza kukusikia kama mtu mwingine. FT8, namna ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta, hutuma kwa sekunde 12.64 na toni zake zimepishana Hz 6.25, kwa hiyo inataka redio itulie. WSPR, nayo ya kompyuta, ni kali kuliko zote: inatuma kwa karibu sekunde 110, toni zimepishana Hz 1.46 hivi, na ukihama zaidi ya Hz 4 ndani ya kipindi hicho huenda hakuna atakayekusoma.

Pata kipimo unachokiamini

Huwezi kupima kuhama kwa kutumia kitu ambacho nacho kinahama. Kipimo kizuri kipo hewani, bure. Vituo vya masafa sanifu vinarusha 5, 10 na 15 MHz: WWV iliyoko Fort Collins, Colorado, Marekani, WWVH ya Kauai, Hawaii, na BPM ya Pucheng, China. RWM ya Moscow iko 4.996, 9.996 na 14.996 MHz. Usiku jaribu 10 MHz, asubuhi na jioni jaribu 15. Vikisikika viwili kwa pamoja si tatizo, maana vyote vimeshikwa na saa za atomiki.

Redio ya zamani isiyofika kwenye masafa hayo mara nyingi ina kalibreta yake ndani, kristali inayotoa alama kila 25 au 100 kHz. Kristali hiyo huhama kidogo sana ukilinganisha na VFO, kwa hiyo inafaa kumkamata mwizi mkubwa, na haichagui saa.

Upimaji wenyewe ni huu. Weka redio USB (upande wa juu wa SSB, si plagi ya kompyuta), kisha shuka 1 kHz chini ya kituo: kwa kituo cha 10.000 MHz weka 9.999. Utasikia mlio wa Hz 1000. Fungua kwenye simu programu ya kuonyesha spektra ya sauti, isogeze karibu na spika, usome toni. Watu wanauliza kama simu ni sahihi kiasi hicho. Ni sahihi: hata saa ya simu ikikosea ppm 50, kosa kwenye toni ya Hz 1000 ni Hz 0.05 tu.

Kumbuka mwelekeo: toni ikipanda, redio yako imeshuka, toni ikishuka, redio imepanda. Badiliko la Hz 1 hivi usilihangaikie ukisikiliza kituo cha mbali, kwa sababu tabaka la ionosfia nalo hucheza, hasa machweo na mapambazuko.

Saa moja ya daftari

Redio iwe imezimwa usiku kucha, au angalau saa tatu. Zima pangaboi, funga dirisha lililo karibu. Washa, weka mlio kwenye Hz 1000, kisha usiguse kitu. Andika toni kila dakika moja kwa dakika kumi za mwanzo, halafu kila dakika tano. Pembeni andika joto la chumba, na volti za pawasaplai.

Hili ni daftari langu la redio ya VFO niliyokuwa naitibu, nikisikiliza kalibreta:

Dakika 0: 1000
Dakika 5: 1310
Dakika 10: 1540
Dakika 20: 1790
Dakika 40: 1900
Dakika 60: 1915
Dakika 62: nimewasha pangaboi
Dakika 67: 1840

Redio ilishuka Hz 915 ndani ya saa moja, zaidi ya nusu ya hizo katika dakika kumi za kwanza, ikatulia, kisha upepo ukaipandisha tena Hz 75. Hiyo ni redio inayosukumwa na joto. Sikuwa na haja ya kutafuta solda iliyoachia.

Ukimaliza saa ya kupokea, pima na kutuma. Unganisha mzigo bandia wa omu 50 (kizuizi kinachomeza nguvu ya redio) badala ya antena, ili usisumbue wengine wakati unajaribu (na kurusha hewani ni kwa mwenye leseni ya TCRA tu). Tuma dakika mbili mfululizo kwa nguvu ndogo, rudi kupokea, soma toni papo hapo, na tena baada ya dakika tano.

Kulisoma daftari

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tulia.

Mstari unaopanda kwa haraka kisha ukalala ni joto la redio yenyewe. Mstari usiolala hata baada ya saa mbili unakutaka uangalie joto la chumba, au kifaa kinachoendelea kuchemka kisivyo kawaida, mara nyingi regyuleta, kifaa kinachotuliza volti.

Mstari unaoruka, yaani 1001, 1002, 1180, 1181, 1003, si joto. Hiyo ni mguso mbovu. Mzee mmoja wa Kurasini aliyefanya kazi ya redio melini alinifundisha tofauti hii kabla hata sijakaa.

"Shikamoo mzee. Redio yangu inahama."

"Marahaba mwanangu. Inahama au inaruka?"

Sikuwa na jibu. Aliniambia nirudi nyumbani nikaisikilize mpaka niwe nalo. Ilikuwa inaruka. Nilipoweka lenzi juu ya mguu wa trima ya VFO niliona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, kama ufa wa chungu, na solda iking'aa pande zote mbili. Kwa macho matupu ilikuwa solda nzuri kabisa. Dakika moja ya pasi na solda mpya ikamaliza ugonjwa wa miezi minne.

Sasa linganisha bendi, maana hapa redio inajitaja yenyewe. Ukihama Hz 10 kwenye 7 MHz na Hz 40 kwenye 28 MHz, kosa linakua pamoja na masafa: ni kristali ya rejea. Ukihama Hz zilezile kwenye bendi zote, ni VFO, au kristali ya kubebea sauti. Ukihama bendi moja tu huku nyingine zimetulia, ni kristali ya bendi hiyo katika redio za zamani zenye kristali moja kwa kila bendi. Na ukihama USB tu huku LSB (upande wa chini) imesimama, tafuta kristali ya upande huo.

Mwisho angalia kutuma. Masafa yakijongea ghafla mara unapobonyeza na kurudi mara unapoachia, ni volti au mawimbi yanayorudi ndani. Yakijongea polepole kwa sekunde thelathini au zaidi na kuchelewa kurudi, ni joto la transista za mwisho linaloifikia kristali au VFO.

Maliza umeme kabla ya kufungua boksi

Weka multimita nyuma ya redio, kwenye plagi yenyewe. Ukiipima kwenye pawasaplai hutaona kinachopotea njiani. Redio ya 13.8 V ikituma isishuke zaidi ya nusu volti. Waya mwembamba na fyuzi zenye kutu zikifika omu 0.05 kwa pamoja, ampea 20 zinakula volti nzima. Kaza viunganishi, safisha miguu ya fyuzi, badilisha waya uwe mnene na mfupi. Wanaotumia betri na sola wapime betri ikiwa inatuma. Ikiwa imekaa bure haikwambii chochote.

Kisha linganisha antena na mzigo bandia. Kama kuruka wakati wa kutuma kunatoweka ukiwa kwenye mzigo bandia, mawimbi yanarudi ndani kupitia ganda la kebo ya antena, waya wa maiki au waya wa umeme. Sogeza antena mbali na chumba, zungusha kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na redio, na uhakikishe bodi na boksi vimeshikana kwa skrubu zisizo na rangi chini yake.

Kufungua na kusaka

Kama redio yako ina taa kwenye hatua ya mwisho, ndani kuna mamia ya volti, na kapasita hubaki nazo baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, kisha pima kwa multimita kabla ya kutia mkono. Ukilazimika kufanya kazi ikiwa imewaka, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo.

Kwa redio inayoruka tumia kijiti kikavu cha mshikaki. Mlio ukiendelea, gonga taratibu kifaa kimoja baada ya kingine, kuanzia trima, miguu ya koili na viunganishi vya bodi. Mahali toni inaporuka, hapo pana solda iliyoachia. Kapasita ya kuzungusha nayo ina chemchemi inayoishikisha na bodi. Ikishika uchafu redio huruka kila unapogusa kitasa. Tone la dawa ya kusafisha viunganishi, zungusha mara ishirini, na mara nyingi imepona.

Kwa redio inayohama, msake kwa joto. Subiri itulie, chukua mrija wa soda, puliza pumzi juu ya kifaa kimoja kwa sekunde tano huku unaangalia toni. Mrija unapeleka joto mahali padogo, na kifaa chenye hatia hujibu mara moja kuliko wenzake. Ukitaka kupoza, tumia pamba ya sikio iliyoguswa kwenye spiriti, redio ikiwa ya transista na imezimwa kwanza. Barafu siishauri hapa Dar: hewa yetu inatoa umande juu ya kitu chochote baridi, na umande wenyewe utahamisha masafa ukadhani umekamata mhalifu.

Usisahau kupima volti inayolisha VFO, redio ikiwa baridi na ikiwa moto. VFO huhama volti ikihama, na milivolti chache za regyuleta iliyochoka zinaweza kukufanya ubadilishe kapasita zote bure.

Kuitibu VFO

Kwanza osha. Sehemu za Kigamboni, Msasani na kote kunakopigwa na upepo wa bahari, bodi hupata utando wa chumvi unaovuta unyevu, na mabaki ya flaksi ya zamani hufanya vivyo hivyo. Brashi laini, alkoholi ya aisopropili, kisha iache ikauke vizuri. Nimeona redio zikipona kwa kuoshwa peke yake.

Pili, kapasita za kwenye saketi ya VFO. Zile za seramiki ya kawaida, ambazo ndizo rahisi kupatikana Kariakoo, hazifai mahali hapa. Thamani yake hubadilika sana kwa joto. Unataka NP0, inayoitwa pia C0G, au maika ya fedha. Muuzaji asipojua ni ipi, soma alama kwenye mwili wake: nyingi za NP0 zina kipaku cheusi juu.

Tatu, koili. Kiini cha toroidi (chenye umbo la pete) chekundu, aina ya 2, hupandisha induktansi kwa ppm 95 kwa kila digrii moja. Masafa huhama nusu ya hapo, kwa hiyo VFO ya 5 MHz inashuka karibu Hz 240 kwa digrii. Kiini cha manjano, aina ya 6, ni ppm 35, sawa na Hz 88 hivi kwa digrii. Ukisuka upya, suka kwa manjano. Waya ukishakazwa, chemsha koili kwenye maji dakika chache na uiache ipoe na kukauka kabisa, ili waya uachie mkazo, kisha ishike kwa utando mwembamba wa nta ya nyuki. Nta safi ya Tabora inafaa. Ipake kidogo, maana nta nyingi inapunguza ubora wa koili.

Nne, fidia, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Koili inapanda ppm 35, basi kapasita zote kwa jumla zishuke ppm 35. Kapasita ya N750 hushuka ppm 750 kwa digrii. Gawa 35 kwa 750, unapata asilimia 4.7. Kama saketi ina pF 400, weka pF 18 za N750 na zilizobaki ziwe NP0. Ukiwa na polistairini inayoshuka karibu ppm 150, unahitaji takriban robo, pF 93 hivi. Polistairini huyeyuka, kwa hiyo shika mguu wake kwa koleo wakati wa kulehemu ili koleo linywe joto.

Fanya fidia kidogo kidogo, na rudia daftari kila mara. Angalia toni kwa makini: kuna redio ambazo VFO ikipanda, masafa ya redio hushuka, kwa sababu ya namna zinavyochanganya mawimbi. Kwa hiyo pima VFO yenyewe kwa kihesabu masafa, usijiamini kwa toni ya spika peke yake. Kihesabu nacho kiwe kimewaka nusu saa.

VFO ikikataa kabisa kutulia, kuna saketi ya Huff and Puff aliyoibuni Klaas Spaargaren, mwenye alama ya wito PA0KSB, miaka ya 1970. Inaitazama VFO, ikitoka nje ya mstari inaisukuma irudi, hatua ndogo ndogo. Lakini haitibu redio inayoruka. Tibu mguso kwanza.

Kuitibu kristali ya rejea

Hapa kazi ni fupi. Kama redio ina nafasi ya TCXO, kristali iliyofidiwa joto, inunue na uipachike: Yaesu FT-817 kwa mfano hupokea TCXO-9 yenye ppm 0.5, sawa na Hz 14 tu kwenye 28 MHz. Kwa ya kujiundia, badilisha kristali ya 25 MHz kwa moduli ya TCXO ya masafa yaleyale, ukizingatia volti yake na kiwango cha mawimbi ambacho chipu inakubali.

Huna fedha ya TCXO mwezi huu? Gundisha kipande kidogo cha shaba juu ya kristali na chipu, kisha vifunike kwa styrofoam inayotoka kwenye boksi la televisheni. Shaba huchelewesha joto, styrofoam hukata upepo. Redio itahama bado, ila polepole kiasi kwamba FT8 haitambui. Hamisha pia kipozea joto cha transista za mwisho kiwe nje ya boksi, na feni itoe hewa nje badala ya kuipulizia bodi.

Kalibra mwisho, redio ikiwa imewaka angalau nusu saa. Ukikalibra ya baridi, unakalibra kosa.

Pima tena

Rudia saa moja ile ile, mara mbili: mchana wa joto na usiku pangaboi likiwa limewaka. Karatasi ya matokeo ibandike ndani ya mfuniko wa redio pamoja na tarehe. Ndani ya boksi tupia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya.

Ile redio iliyoshuka Hz 915 ilioshwa, ikapata koili ya manjano na N750 ya pF 18. Daftari la pili: dakika 0, 1000, dakika 10, 1060, dakika 60, 1085. Nilipowasha pangaboi ilicheza Hz 12, na usiku ule nilizungumza mita 40 hadi saa sita bila mtu kuniambia nimehama.